Nilimwambia Mjane Kwamba Mumewe Alikosea

Mpendwa Mma Seabelo, nakuomba unishike mkono kwa ushauri, maana sina mwingine wa kumuuliza, na jina langu tafadhali usilichapishe.

Mimi nilikuwa rubani miaka kumi na tisa, nikirusha ndege ndogo kutoka Maun kwenda vijiji vya kwenye vinamasi, nikibeba wauguzi, wagonjwa na dawa, na mwenzangu wa kazi alikuwa Otsile Kebadire, ambaye tulipanga naye chumba kimoja ujanani mpaka suruali tukavaa kwa zamu, na mwaka wa mafuriko makubwa tulihamisha kijiji kizima cha Mokwere, safari baada ya safari, watu wakaniita Rra Ndege, yaani Bwana Ndege, na kwa jina hilo wakanipeleka Bungeni, na baada ya muhula mmoja nikawa waziri, tena wa usafiri, Otsile akacheka akasema, "Haya bosi, usitusahau sisi tuliobaki hewani."

Mwaka jana mkuu wa kijiji cha Mokwere aliniandikia kwa mkono wake kwamba ngiri wamechimba uwanja wao wa ndege, na nyasi zimeyafunika mashimo, aliye juu hayaoni, akamalizia, "Wewe ulitua hapa, huhitaji kuelezwa," nami nikatuma greda, ila likiwa njiani nikaambiwa kuna sherehe ya kufungua jengo jipya la abiria, rais atakuwepo na maegesho hayajasawazishwa, nikapiga simu mwenyewe nikaligeuza, na juu ya barua ya mkuu nikaandika "isubiri", nikaifungia kwenye droo. Mkuu mwenyewe akafariki wakati wa baridi.

Mwezi wa tatu Otsile alikwenda Mokwere kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua, akapita chini mara moja kufukuza ng'ombe, akageuka akatua, gurudumu likaingia shimoni, ndege ikapinduka, akafia pale pale. Yule mama walimtoa kwa mtumbwi na gari siku nzima, yeye akapona, mtoto hakupona.

Wachunguzi waliyaona mashimo, lakini wakaandika kwamba hakuna aliyewahi kuyaripoti na kwamba rubani alipaswa kuyaona, nami nikanyamaza. Siku ya mazishi nilikaa mstari wa mbele, nikala seswaa, ile nyama ya kupondwa ya msiba, na mjane wake, Mma Tshiamo, akanivuta pembeni akaniuliza, "Rra, wewe unaijua kazi ile. Niambie ukweli tu, Otsile alikosea?" Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamjibu, "Ilibidi atazame vizuri zaidi."

Wiki mbili baadaye mjane huyo alisafiri hadi Mokwere, akasimama kwenye kgotla, baraza la kijiji, mbele ya wanakijiji wote, akapiga magoti, akaomba radhi kwa niaba ya marehemu mumewe.

Ripoti itasomwa Bungeni Alhamisi ya wiki ijayo. Chama kinataka ninyamaze hadi uchaguzi upite, mke wangu anasema, "Aliyekufa hafufuki, na wewe una watoto," nami nimefikiria niutengeneze uwanja wa Mokwere, niupe jina la Otsile, kisha nijiuzulu kimya kimya kwa sababu za afya. Je, itatosha?

Rubani wa zamani, Gaborone

MMA SEABELO ANAJIBU:

Rra, pole kwa kufiwa na rafiki. Nalitanguliza hilo kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ulipomlilia Otsile. Umejililia mwenyewe.

Haitatosha. Unataka jina lake likae kwenye kibao cha uwanja, na huku ndani ya ripoti umeliacha likae kama jina la mzembe? Kibao hicho kitakusitiri wewe, si yeye. Kugeuza greda kwa pupa ya sherehe ni kosa la mwanadamu, nami ningekuonea huruma. Lakini kwa mjane uliulizwa swali waziwazi, na jibu lilikuwa kwenye droo yako! Mama wa watu amepiga magoti kwa kosa lako. Hapo sina neno la kukupoza.

Mkeo anaogopa, usimgombeze. Mkumbushe tu kwamba Otsile naye ana watoto.

Chukua barua yenyewe, si nakala. Nenda kwa Mma Tshiamo mchana kweupe, bila dereva, bila bendera kwenye gari. Mwambie yote, wala usimwombe msamaha siku hiyo, maana utakuwa unamtwika mzigo mwingine. Akikufukuza, ondoka.

Hayo nilikutumia mapema, na barua yako nikaizuia isichapishwe. Jumapili ukanipigia simu.

"Nimetoka kwake, Mma."

"Alisemaje?"

"Aliisoma mara mbili. Akaniuliza, 'Kwa hiyo hakuweza kuyaona?' Nikamwambia hakuna rubani ambaye angeyaona, hata mimi. Akawaita watoto, akasema, 'Hebu waambie na hawa.'"

"Ukawaambia?"

"Nikawaambia. Mkubwa akatoka nje. Mama akanifungulia mlango, akasema, 'Sasa nenda, Rra. Nchi nzima nayo iambie.' Chapisha, Mma."

Nimechapisha. Na usidhani kuficha jina kutakusaidia, mawaziri waliowahi kurusha ndege hapa kwetu hawajazi hata viti viwili. Alhamisi usiende na hotuba. Simama, isome barua ya mkuu neno kwa neno, pamoja na lile neno lako ulilolichora juu yake, ikabidhi, kisha uache uwaziri hapo hapo mezani.

Ukishatoka Bungeni, safiri hadi Mokwere. Kuna mama pale aliyezika mtoto, na hadi leo anaamini aliyemponza ni mtu aliyekufa akija kumwokoa. Katika barua yako yote hukumtaja jina. Ukifika, anza kwa kumuuliza anaitwa nani.