Mdomo Unaonitangulia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kabla hujamaliza kuichana bahasha, maana nakujua kwa pupa. Shemeji hajambo? Bado lori linamlaza njiani? Na wapwa zangu je? Mwambie yule mdogo kwamba mpira wake mjomba hajausahau.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Simu nimeijaribu, dada. Kila ukiniuliza hali, mdomo unanitangulia: "Mzima tu." Nikishakata ndipo nakumbuka nilichotaka kusema. Karatasi angalau inanisubiri.

Kazi ni ile ile ya udobi wa hoteli. Chumba chetu cha pasi kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha. Mashuka yanakuja yamelowa, tunayapitisha kwenye pasi kubwa inayozunguka, na mvuke unapanda mpaka humwoni mwenzako. Choo kiko juu, upande wa pili. Ukienda, mashuka yanarundikana, na ukirudi msimamizi anakuuliza mbele ya watu kama una mimba. Tunacheka wote, hata aliyeulizwa. Basi tukajipatia dawa: tusinywe maji. Chai ya asubuhi ndiyo hiyo hiyo mpaka jioni. Aliyeonekana na chupa tulimwita Bwawa, na hakuna mwanamume aliyetaka jina hilo.

Kuna mwenzetu tunayemwita Komandoo. Ni pande la mtu, anabeba marobota ya taulo huku anaimba. Chumba cha kupanga tunakaa watatu: yeye, mimi na mpishi mmoja wa hoteli. Komandoo alianza kushika kiuno. Akasema amelalia vibaya, akameza vidonge vya maumivu. Miguu ikamvimba mpaka viatu vikamkataa. Akavikata kisigino kwa mkasi, akavivaa kama ndara. Tukamwambia ametoa mtindo mpya. Naye akatembea kwa maringo, tukacheka mpaka machozi.

Asubuhi moja wimbo ukakatika. Tukadhani amesahau maneno. Kumbe ameangukia kigari cha mashuka, macho yamegeuka.

Hospitali, muuguzi mmoja mtu mzima alituuliza mkewe anaitwa nani na apigiwe nani. Mimi na mpishi tukatazamana. Miaka yote hiyo chumba kimoja, najua anavyokoroma, najua timu yake ikifungwa hali chakula. Jina la mkewe sijui. Yule mama akatutazama, akasema, "Sasa nyinyi mnaishi pamoja au mnapishana tu?"

Ilikuwa figo. Kumbe alikuwa anakojoa damu muda mrefu. Alipopata nguvu nikamuuliza kwa nini hakusema. Akageukia ukuta. "Nimwambie nani? Nyinyi mngenicheka. Nyumbani mimi ndiye nguzo. Nguzo ikiugua, nyumba inaambiwa?" Ni kweli, dada, tungemcheka.

Komandoo mwenyewe akatoa namba ya mkewe, naye akasafiri akaja. Mimi nilijiandaa kusikia lawama. Hakulaumu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akalowesha kitambaa, akaanza kumfuta miguu ile iliyovimba, kidole kwa kidole. Komandoo, lile pande la mtu, akalia kwa sauti. Nikatoka nje kwenye korido nikajifanya nasoma matangazo ukutani. Sikujua kama mtu anaweza kumwonea wivu mgonjwa. Nilitamani nyumbani.

Komandoo anaendelea na matibabu. Siku nyingine anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, siku nyingine anatutania. Kazini, akina mama wa upande wa kukunja walimvaa msimamizi, wakamwambia wao wanakunywa maji na wanakwenda chooni wawili wawili, na hoteli haijaanguka. Wakatuletea dumu la maji wenyewe. Siku ya kwanza lilikaa tu kama mgeni asiyekaribishwa. Mpishi akashuka kutoka jikoni, akajimiminia kikombe mbele yetu, akasema, "Haya, mimi Bwawa." Nikawa wa pili. Sasa hata msimamizi nimemwona akinywa, ila anageuka kwanza.

Dada, sasa kaa chini kama umesimama.

Hata mimi nilikuwa naona damu. Nilianza kabla Komandoo hajaanguka, nikanyamaza. Siku ile ya kitambaa, badala ya kurudi chumbani, niliingia kwa daktari. Presha yangu iko juu na figo zimeanza kuchoka. Anasema nimewahi; nitameza vidonge kila siku na kurudi kila anaponiita. Halafu akaniuliza baba yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Nikamjibu, "Alichoka." Akaacha kuandika. "Alichoka na nini?"

Sikujua. Nilikumbuka tu akikaa kizingitini akibonyeza muundi kwa kidole, na shimo likabaki pale pale. Nilidhani ni mchezo, nikambonyeza na mimi, akacheka. Wewe ulikuwa mkubwa, ulimfulia nguo, huenda uliona. Niandikie ulichoona, hata kama alikukataza kusema. Nimemkumbuka baba wiki hii kuliko siku tuliyomzika; siku ile nilikatazwa kulia nikiambiwa mimi ni mwanamume. Ningemuuliza tu wapi panauma.

Shemeji naye, siku akishuka kwenye lori, usimuulize hali yake. Atakujibu kama ninavyokujibu mimi. Mwambie avue viatu, umwangalie miguu.

Mwezi ujao nina likizo, nakuja. Tafadhali usiniandikie nijikaze. Nimejikaza vya kutosha. Nikifika, niweke pale jikoni kwako, uendelee na kazi zako, nami nikae nikusikilize ukigombana na sufuria. Nikianza kulia usiwafukuze watoto. Hasa wale wa kiume, waache waone.

Nisalimie majirani wote wanaoniulizia, na uwaambie ukweli.

Ni mimi,
mdogo wako anayekukumbuka sana.