Ukuta Usiokandikwa

Walata, 4 Machi 1996

Mwanangu Salka,

Salamu zikufikie huko Nuadhibu kwenye upepo wa samaki. Hujambo? Mafua yalikwisha? Mimi mzima, ila magoti yana maneno yake alfajiri.

Ulisema unakuja, nikaloweka udongo, nikatia samadi na gundi ya mgunga. Siku tano nikasikilizia gari la kutoka Nema. Hukushuka. Udongo umekauka shimoni, na hii ni mara ya tatu. Vyumba vingine tumevikandika na wanawake wenzangu, chako bado. Ukuta wa kitandani umebanduka, mawe yametokeza nje. Jirani yetu Neina, na mdomo wake unaujua, ananiambia, "Tekber, mvua ikija ukuta huo utakuzika bila kuoshwa!" Na aseme. Pale chini kuna alama ulizochora kwa vidole siku niliyokufundisha kukandika, ukiwa na miaka sita. Nikipaka udongo mpya zitapotea. Sikandiki mpaka uje.

Nimekukumbuka mno.

Mama yako

Nuadhibu, 2 Aprili 1996

Mama yangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Mafua yamekwisha, namshukuru Mungu. Magoti je? Yakandwe kwa mafuta ya moto, usifanye ubishi.

Mama, kandika ukuta! Mistari mitano iliyopinda ndiyo ikuangushie nyumba? Siku ile ulinicheka, ukasema hata mbuzi angechora vizuri zaidi. Nakutumia picha yangu, nimesimama mlangoni pa duka langu la mitandio. Ibandike hapo, uniangalie mpaka uchoke.

Juzi mafundi walikuwa wanapiga lipu ya saruji nyumba ya jirani. Nilisimama mlangoni kunusa. Haikunuka chochote cha kwetu, nikarudi ndani nikalia kama mjinga. Sina wa kumwachia duka, lakini baada ya Idi nakuja. Safari hii kweli.

Mwanao

Nuadhibu, 25 Mei 1996

Mama,

U hali gani? Hujajibu. Idi imepita na sikuja, najua, nitukane basi. Kimya chako kinaniumiza zaidi. Picha ilifika? Ukuta umekandikwa?

Mwanao

Walata, 14 Juni 1996

Mwanangu Salka,

Salamu. Usishtuke kuona mwandiko wa Neina. Maneno ni yangu. Sikukasirika.

Picha ilifika. Neina ameniambia mtandio wako ni wa buluu na umependeza. Mimi sikuuona. Tangu mwaka jana naona weupe tu, kama maziwa. Barua ya Machi niliiandika kwa kupapasa ukingo wa karatasi. Hukuona mistari ilivyopanda? Nilitaka uje kwa hamu yako, si kwa kunihurumia, ndiyo maana nilinyamaza.

Kila asubuhi baada ya sala napiga magoti, natia vidole vyangu katika alama zako. Penye vitano vyako vinaingia viwili vyangu tu, ulikuwa mdogo mno. Ndiyo namna yangu ya kukuona. Sasa unaniambia nizifunike?

Mama yako

Neina hapa, haya sikuambiwa niandike. Ukuta umetuna. Mawingu yameanza kukusanyika, na mama yako bado analala chini yake. Nimemsihi, ananifukuza. Njoo, mwana wewe!

Nema, 1 Julai 1996

Mama yangu,

Assalaam aleikum. Dereva anakuletea barua hii leo, Neina akusomee. Gari lake limejaa magunia ya mtama, mimi nitapanda lile la kesho. Niliiona mistari iliyopanda, Mama. Nikadhani ni uchovu, nikaikunja barua. Nisamehe.

Duka nimelifunga. Hamisha kitanda leo hii, usinibishie. Neina aanze kuloweka udongo, na samadi asiifanyie ubahili wake wa siku zote.

Alama hatutazifunika mara moja. Kwanza nitakaa mbele yako unipapase uso, taratibu, hata kutwa nzima. Nimenenepa mashavu, na kidevuni kuna kovu usilolijua. Usije ukanifukuza ukidhani ni mgeni. Ukishatosheka, uniambie mwenyewe, "Haya, kandika." Usiposema, sitagusa udongo.

Mwanao, aliye njiani