Barua Saba za Mwandiko Mmoja

Jumatatu, 6 Julai 1964
Leo barua thelathini na moja kwa taipureta. Peke yangu! Hapa ofisi ya barabara tulikuwa makarani watatu. Mzungu alipofunga mizigo yake, wenzangu wawili wakahamishwa. Kazi yao haikuhamishwa. Jioni kikombe cha chai nimekishika kwa mkono wa kushoto. Mwanaima, mke wangu, anasema nikilala ninataja nambari za mafaili. Zamani alicheka akinisimulia. Sasa hacheki.

Jumanne, 7 Julai
Makubwa! Bwana Kahindi, mkubwa wetu mpya, ametukusanya uani. Serikali ni yetu sasa, kasema, hataki mtu achoke kama punda. Ameweka sanduku la mbao mlangoni. Kila mmoja aandike linalomlemea, asitie jina, wala hatatafutwa mtu. Alisema kwa upole hata machozi yakanilenga. Mtu mzima mimi, mbele ya watu!

Jumatano, 8 Julai
Boga tarishi kanifuata saa ya chai. Tunaitana ndugu tangu aliponipakia kwenye baiskeli yake nikiwa na homa, akanikimbiza zahanati. Anapeleka barua Msambweni kwa baiskeli hiyo, mwendo mrefu, na kurudi siku hiyo hiyo. Miguu imemvimba — kanionyesha. Kuandika hajui. “Niandikie, ndugu yangu, wewe una mkono mzuri.” Nikamwandikia. Mara akaja Jumwa, anayefagia, anayepika chai, anayeteka maji, kazi za watu watatu. Kisha askari wa lango. Kisha wengine. Hadi jioni nimeandika sita. Ya saba yangu, mistari miwili: nimechoka, naomba mwenzangu wa kazi.

Ijumaa, 10 Julai
Sanduku limefunguliwa. Nimeitwa.
Barua saba zimetandazwa mezani, zote mwandiko wangu. “Bwana Mwero, wewe peke yako ni watu saba?” Nikacheka. Nilidhani ni utani! Bwana Kahindi hakucheka. Akaniita mchochezi. Ati nataka kumchafulia jina kabla hajakalia kiti vizuri. Nikasema wenyewe wapo, waulizwe.
Wakaitwa. Jumwa akatazama sakafu. Askari akakohoa. Boga nilimtazama kwa matumaini yote. Akasema: “Mimi sikuandika kitu, bwana. Kuandika sijui.”
Kweli tupu! Hilo ndilo linaloniunguza, kwamba hakusema hata neno moja la uongo.
Nimerudi mezani nikapiga barua kumi na nne.

Jumamosi, 11 Julai
Hakuna aliyenisalimu. Jumwa kafagia ofisi nzima, chini ya meza yangu kapaacha. Nina hasira nao zaidi kuliko niliyo nayo kwa Bwana Kahindi. Yeye simjui. Hawa nawajua hadi majina ya watoto wao.

Jumatatu, 13 Julai
Mambo yamefika hapa: Bwana Kahindi kasema kesho saa sita mchana wenye barua wajitokeze. Wasipojitokeza, nitie sahihi kwamba zote ni zangu, na kazi basi. Miaka kumi na mmoja! Mwanaima kauliza tutakula nini.
Alasiri hii, hodi! Boga. Nikajua moyo umemsuta. Nikamkaribisha barazani, Mwanaima akamletea chai. Kanywa. Kauliza hali za watoto. Kisha kasema daktari amemwambia apumzike wiki mbili, la sivyo miguu itamharibikia. Anataka barua ya kuomba likizo.
“Niandikie, ndugu yangu. Mimi nitaweka dole gumba.”
Sikuamini masikio yangu! Nikamwambia: dole hilo hilo kaliweke kesho mbele ya Bwana Kahindi, juu ya ile barua ya miguu yako. Akasema ana watoto watano. Kana kwamba wangu ni mbuzi!
Nimemwambia naingia ndani kutafuta karatasi. Karatasi ninayo. Nimeketi kitandani naandika humu ili nisimpigie kelele. Namsikia anakohoa huko nje, anasubiri. Ya kesho hakusema ndiyo, hakusema la. Miguu yake nimeiona tena, imezidi.
Hivi sasa nimeitazama ile karatasi iliyo kando ya daftari. Sikumbuki nimeandika saa ngapi, lakini mwandiko ni wangu: “Kwa heshima na taadhima, mimi Boga…”