Picha ya Mfupa wa Bega Langu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Agosti 1936

Mpendwa mdogo wangu Mbaruku,

Salamu nyingi zikufikie huko Tabora. U hali gani? Nasikia Shemeji Saadiya anasumbuliwa na kifua, je, kimepoa? Mimi mzima, bado nanyanyua kapu la samaki ambalo vijana wawili hulitazama tu wakaenda zao. Naandika kwa mkono wangu, maana haya sitaki mwandishi wa sokoni ayajue. Herufi zikienda upande, zifuate hivyo hivyo.

Wiki iliyopita Mwalimu Elieshi, afundishaye darasa la juu, alinunua samaki aina ya changu kwangu. Nikamuuliza, wa kukaanga au wa kupaka? Akasema, "Wa kupiga picha, mzee." Nikamfuata hadi shuleni. Ningekaaje?

Wamepewa mashine kuukuu ya hospitali, ile ionayo mifupa. Wanafunzi huweka kitu juu ya kioo kilichofungwa karatasi nyeusi, mashine inanguruma, kisha kioo huoshwa kwa dawa gizani. Miali yake ilipita kwenye ubao kama haupo, ufunguo ukaizuia. Changu alionekana mwiba kwa mwiba. Nikawaambia samaki wa Bushiri hana kasoro hata ndani.

Hapo nikavua kanzu. Nikasema, mnahangaika na funguo, hapa begani pana risasi ya Mjerumani tangu vita vya Rufiji! Mwalimu alisita, nikamkaripia mpaka akakubali.

Risasi haikuwamo. Nikasema mashine yao haioni chuma ndani ya nyama ya mwanamume. Mwanafunzi mmoja akanilaza tena, akaweka ufunguo chini ya bega. Ufunguo ukaonekana mpaka meno yake. Kando yake mfupa mtupu, uliovunjika zamani ukaunga kombo.

"Babu, risasi imerudi kwao Ujerumani?" Wakacheka. Mwalimu akawanyamazisha, akaniambia taratibu, "Mzee, huku ni kuanguka."

Ndivyo ulivyosema wewe, Mbaruku. Kwenye harusi ya binti yangu Azza ulisema niliteleza kwenye gogo la kuvukia mto, nikikimbia mlio wa bunduki. Nikakuita mwongo mbele ya wakwe, nikakufukuza. Ukachukua kofia yako, ukaenda zako. Miaka tisa sasa. Nimeisema risasi ile hata nikawa naisikia ikichoma siku za mvua. Lakini gogo nalikumbuka. Sikulisahau hata siku moja.

Jana barazani nimewaambia wenzangu kuwa risasi hakuna. Wamecheka hadi kahawa ikawapalia. Nimevumilia. Limebaki moja, nalo ndilo zito. Wote wanajua mimi ndiye niliyekubeba kutoka Rufiji. Kumbe wewe ndiye uliyenibeba, siku mbili, na mzigo wangu juu. Hilo sitaki kulisema nyuma yako. Panda gari la moshi, uje ukae pale barazani, niliseme ukinitazama.

Mke wangu Mwanamize anakusalimu sana. Msalimie Shemeji na watoto wote. Azza ana mwana wa tatu, hajamjua babu yake mdogo. Mungu akupe afya na moyo wa kunisamehe.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ingawa kwa kuona haya,
Bushiri