Siku Nilinyamazisha Telefone ya Mama

Mama Tshiela, nakuandikia juu kwetu hakuna mutu naweza kumuambia hii maneno. Mi, jina Mujinga, niko mama wa miaka makumi ine na tatu, nakaa hapa Manika na mama yangu mwenye ugonjwa wa sukari, anapiga sindano ya insuline kila siku, na yaya yangu Abigaëlle, dada mukubwa mwenye anaishi Bruxelles, njo alimutumia kale kakifaa ka kubandika ku mukono, kanapima sukari saa yote na kutuma namba ku telefone ya mama, na kwa internet yaya anaziona kulekule, kwa hiyo mama akikula kipande ya mukate tu, yaya anapiga: "Mujinga, umemupa mama nini? Unataka kumuua?" Miaka mbili nilipika na woga.

Siku ya mahari ya binti yangu Dodo nikasema leo nitapumzika, nikafunga internet ya telefone ya mama, nikanyamazisha na alarme yenye inalia sukari ikishuka, nikaitia mu sakoshi yangu. Saa sita mama akapiga sindano juu chakula ilikuwa tayari, lakini bageni bangali mu njia toka Dilolo, na haikufaa kupakua bukari mbele bafike. Mama akanivuta kikwembe: "Mujinga, nipatie kitu kidogo nikule, mwili inatetemeka." Nikamujibu, "Mama, ungoje, utatupatisha haya mbele ya bakwe." Akatoka jasho, tukasema ni joto, akalala ku kiti, tukasema amechoka, na saa tisa bageni bakafika, nikaenda kumuamusha, hakuamuka.

Siku ine ku hospitali. Alifungua macho, lakini ananiita jina ya shangazi mwenye alikufa, na anasahau namna ya kushika kijiko. Yaya akaniuliza kwa nini kifaa hakikulia, nikamuambia kiliharibika. Akaamini. Akasema ni mashine ya uongo, tuitupe, hatatuma ingine. Sasa tunatoboa mama kidole mara moja asubuhi, na juzi alianza tena kutoka jasho, ni bahati tu niliona. Nikisema ukweli nitapoteza yaya. Nifanye nini?

Mujinga, Manika

*

Mujinga, nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi.

Najua ulichoka. Mutu mwenye anapika na kuogesha mugonjwa kila siku, huku mwingine anamuchunga toka Ulaya sawa polisi, anachoka, na yaya yako nitamuambia hivyo akiniandikia. Lakini mama yako alikuwa na insuline mu mwili, akakuomba chakula, ukaona haya ya bakwe. Usipambe hiyo maneno.

Lile kosa la kwanza limekwisha kufanyika. La pili unalifanya kila asubuhi: kifaa kilikuwa kizima, ulikisingizia, na leo mama anakaa bila kitu cha kumuchunga, juu ya uongo wako.

Kesho umupeleke kwa munganga wa hospitali. Umuambie ile jasho ya juzi, pengine kipimo cha insuline kinapaswa kupunguzwa. Umuulize kama akili ya mama itarudi, na usikasirike akikujibu hajui. Ku nyumba, sahani iwe mbele ya mama ndipo sindano ipigwe, hata rais akiwa ku mulango. Akitetemeka, umupe maji ya sukari mara moja. Akiwa amelala na haamuki, usimutie kitu mu kinywa, kimbia hospitali.

Tena umupigie Abigaëlle. Usimutumie message, asikie sauti yako. Atalia, pengine atakata telefone. Umuache siku mbili, umupigie tena, uombe kifaa kingine. Mupatane ni namba gani ya sukari itamufanya apige, munganga ndiye aitaje, na chakula cha kila siku akuachie wewe. Alarme ibaki wazi, hata siku ya kilio, hata siku ya ndoa.

Pengine hatakusamehe. Siwezi kukuahidi. Umupigie hivyo hivyo, leo, mbele sindano ya mangaribi ipigwe.

Mama Tshiela