Nitafutie Gracia Huko Tchomia

Bunia, Shari
Tarehe 11 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Joséphine,

Hodi huko kwenu ziwani. Mmeamkaje? Kifua chako kinaendeleaje na moshi wa samaki? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka nikasahau nilichokupigia. Na Baba Ézéchiel, goti lake limepona, au bado anasema mwaka huu ndio wa mwisho kutengeneza mitumbwi ya watu, kama alivyosema mwaka jana na mwaka juzi?

Sisi huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Mume wangu Anaclet aliugua malaria wiki mbili, sasa ameanza tena kunicheka, basi najua amepona. Simu yako haipatikani kabisa siku hizi, ndiyo maana nimekaa chini kuandika kama zamani. Barua hii anaileta Jérôme, yule mwenye pikipiki anayebeba samaki kutoka kwenu. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu.

Shule yetu imefungwa, hii ni wiki ya saba. Mwanzo tuliambiwa siku tatu tu, ili watu waliokimbia mapigano kutoka vijijini walale madarasani mpaka wapate mahali. Mahali hapakupatikana. Darasani mwangu zinalala familia nne. Juzi niliingia kuchukua chaki, mama mmoja akaanza kukunja mkeka wake harakaharaka akidhani nimekuja kuwafukuza. Nikamwomba akae. Benchi moja limekwisha kuwa kuni, na sikuuliza ni nani aliyelichoma. Juu ya meza yangu alilala mtoto mchanga, na sijawahi kuona mtu ametulia hivyo katika darasa langu tangu nianze kazi.

Nimechoka, Shangazi. Sikujua kwamba kukaa bure kunachosha kuliko kufundisha. Naamka alfajiri kama kawaida, naoga, navaa, halafu nakumbuka sina pa kwenda. Anaclet huniuliza, "Madame, leo unafundisha nani?" Namwambia leo namfundisha yeye kunyamaza.

Nina watoto hamsini na nane wa darasa la sita. Wale wenye baba na mama siwahangaikii sana. Watasahau hesabu, tutazirudia. Wanaoninyima usingizi ni wale ambao shule ndipo mahali pekee walipohesabiwa. Mtoto akikosa siku mbili, siku ya tatu nilikuwa nauliza. Sasa mtu anaweza kumpeleka mtoto kwenye machimbo ya dhahabu kule Bambu, nami nisisikie hata fununu.

Kati yao yuko Gracia. Ana miaka kumi na mbili, anaishi na bibi yake, mzee Fanny, nyuma ya kanisa letu. Walifika miaka miwili iliyopita kutoka kijiji kimoja cha upande wa Bambu. Waliacha nini huko sikuuliza, nao hawakusema. Miezi mitatu ya kwanza mtoto hakufungua mdomo. Kisha siku moja nikiwa ubaoni nikasikia sauti nyuma yangu: "Madame, pale umesahau sifuri." Darasa zima likageuka kumtazama. Nikageuka, nikaangalia, kweli nilikuwa nimesahau sifuri. Nilicheka mpaka nikakaa. Tangu siku hiyo hajaacha kunisahihisha, na hakuna mtoto ninayemtegemea katika mtihani wa taifa kama yeye.

Sasa nikuambie kosa langu, maana ndilo limenifanya niandike.

Direkta wetu alitugawia fiche za mtihani, zile karatasi za kuandika habari za kila mtoto, majina yake na wazazi wake na mahali alipozaliwa. Kwa kuwa shule imefungwa, nikasema vizuri, nitazunguka nyumba kwa nyumba, nijaze fiche na papo hapo niwaone watoto wangu. Kwa mzee Fanny nilifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Alinipa kiti. Salamu sikuzimaliza sawasawa, nikafungua daftari, nikatoa kalamu. Baba wa mtoto anaitwa nani? Yuko wapi? Mtoto alizaliwa kijiji gani? Mzee alijibu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, nami nikadhani ni uzee. Nikaandika yote, nikaaga, nikarudi nyumbani nimefurahi. Siku zote nawaambia wanafunzi kuuliza si ujinga. Siku ile mjinga nilikuwa mimi.

Alhamisi nilikutana bombani na Plamedi, mtoto anayekaa benchi moja na Gracia. Akaniambia, "Madame, Gracia haiko tena. Koko yake alimutuma ku Tchomia na bamama ba samaki. Alisema majina yabo imeandikwa."

Nilikwenda mbio kwa bibi yake. Mzee Fanny alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, wala hakukasirika. Afadhali angenitukana. Alisema tu: "Weye ulikuya na kalamu. Muntu anakuya na kalamu, anauliza mutoto alizaliwa wapi, miye nitafanya nini? Ku kijiji walianzaka vile vile. Kalamu kwanza. Kule Tchomia kuko mayi. Wakikuya, mutoto anapanda mutumbwi, anavuka."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilimpelekea ung'ongo mpaka mlangoni.

Na kati ya watu wote, kosa hili nilifanye mimi! Mwaka ule wa vita nilikuwa na umri kama wa Gracia uliponichukua hapa Bunia ukanipeleka kwako. Njiani uliniambia, "Wakikuuliza, sema weye ni mutoto wa Joséphine. Basi." Nilikaa kwako miezi minane bila kuwa na kijiji. Nilijua wakati huo swali lile lina maana gani, na watu hufa kwa jibu lake. Kisha nikakua, nikapata kazi, nikapewa karatasi yenye mistari, nikasahau. Naona haya, Shangazi. Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Jumamosi nilirudi kwa mzee mikono mitupu. Sikuuliza kitu. Nilichambua naye maharage mpaka adhuhuri, tukazungumza mvua na bei ya mkaa. Nilipoinuka ndipo akasema jina mwenyewe: mama Bénédicte, anayekausha samaki pale mitumbwi inapofikia. Mtoto yuko kwake.

Basi nakuomba, nenda ukamwone. Huenda huyo mama mnajuana, samaki wenu wanakaa moshi mmoja. Gracia ana kovu dogo juu ya jicho, na kisu atakishika kwa mkono wa kushoto. Usimwambie kwamba mwalimu anamtafuta, atakimbia, na akishavuka ziwa akaingia Uganda hatutampata tena. Usimuulize ametoka wapi. Mpe chakula, mpe kazi, kaa naye siku kadhaa kama ulivyokaa na mimi. Mama Bénédicte akikubali, mchukue alale kwako. Mtoto wa kike peke yake pale ufukweni, katikati ya wavuvi na watu wa dhahabu wanaokuja kunywa, hatari yake unaijua kuliko mimi. Akishakuzoea, ndipo umtajie jina langu.

Nilitaka kuja mwenyewe. Anaclet amekataa, na hata Jérôme, ambaye haogopi kitu, amesema barabara si ya mwanamke wiki hizi. Orodha ya watakaofanya mtihani inaondoka hapa mwisho wa mwezi huu. Direkta amekubali jina la Gracia libaki ikiwa nitamhakikishia kwamba mtoto yupo na atarudi. Nimemhakikishia. Kwa hiyo sasa ahadi yangu iko mikononi mwako, nisamehe kukubebesha mzigo ambao hukuufunga wewe.

Nisalimie sana Baba Ézéchiel, na Dany na mke wake, na mtoto wao ambaye sijamwona bado. Mwambie Dany yule samaki aliyenitumia Noeli alikuwa mwiba mtupu, ila tulimla wote mpaka kichwa. Mzee Fanny naye anakusalimu. Nilipomwambia una miaka mingapi ukiishi na watoto wa watu, alifungua kitambaa hiki kichwani mwake, akasema nimtumie Gracia. Kimo ndani ya mfuko pamoja na barua. Akikiona atajua kwamba bibi yake amekubali arudi.

Neno la mwisho. Fiche ile ya Gracia niliichana, nikajaza nyingine. Mahali pa kuzaliwa nimeandika Bunia. Mimi ninayewaadhibu watoto kwa kunakili jibu la jirani nimedanganya karatasi ya serikali, tena kwa mwandiko mzuri. Jambo hilo litaingia kwenye cheti chake na kumfuata maisha yote, na sijui kama ninamlinda au ninamnyang'anya kijiji chake. Kwa hiyo neno hilo moja nimeliandika kwa penseli. Mwambie arudi barabara ikitulia, kabla ya mwisho wa mwezi, aamue mwenyewe.

Mungu akupunguzie kikohozi, awafunike nyote mliopo hapo nyumbani, na mtoto huyo atakayekuja kwako.

Mtoto wako akupendaye siku zote,

Lydie