Sahani Nilizoosha Sizo

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajafika mwisho wa mwezi, maana nimechoka, nimechoka kulala na siri na nimechoka zaidi kumtazama mume wangu akijiona mjinga kwa kosa ambalo ni langu.

Mume wangu ni mpima ardhi mstaafu, mtu wa vipimo, na alipoacha kazi alinyamaza miezi mingi, kula kwake kimya, kukaa kwake kimya, mpaka alipolikokota nyumbani gari la marehemu kaka yake akaanza kulifufua, hapo ndipo nikamsikia tena akipiga mluzi. Akafikia difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya magurudumu, ambayo aliniambia ni ya aina isiyokubali gurudumu moja lizunguke bure topeni huku mwenzake amelala, na ndani yake mna visahani vya chuma vyembamba vilivyobanana, akavitoa kimoja kimoja akavipanga juu ya gazeti kwenye meza ya kulia chakula, vya kushoto kushoto, vya kulia kulia, sisi tukawa tunakula kwenye upande uliobaki. Siku hiyo asubuhi tulikuwa tumegombana kwamba tangu astaafu hajaosha hata kikombe. Baada ya chakula cha mchana akatoka kutafuta mafuta ya difu, akasema mlangoni, "Mama, sahani za mezani usiziguse, nikirudi nitazishughulikia mwenyewe." Mshauri, nilifurahi, nikasema leo mzee ameomba radhi kwa vitendo, nikaziacha sahani za chakula na makombo yake, na kwa kulipa wema kwa wema nikachukua vile vyuma vyake nikavisugua kwa sabuni na waya wa kusugulia masufuria mpaka madoa ya wino yakatoka, nikavipandanisha vizuri kama ninavyopanga vyombo kabatini.

Aliporudi alisimama mezani kwa muda, akanitazama, kisha akakunja mikono ya shati akaenda kuosha vyombo, nikasema moyoni kumbe nilimwelewa sawasawa.

Tangu hapo ameifunga difu mara tatu na kuifungua mara tatu, kila akikata kona gari linaguna na kutetemeka nyuma, na wiki iliyopita nikamsikia akimwambia rafiki yake fundi kwenye simu, "Kosa langu bwana, sahani nilizichanganya mwenyewe, sikuziwekea alama. Ndio uzee huu." Hapo ndipo nikajua sahani alizonikataza ni vile vyuma. Nikageuza ndoo nikaikalia. Sasa mluzi umekwisha, amemwita mtu wa vyuma chakavu, nami kila nikifungua kinywa niseme, nasema chai iko tayari. Nikimwambia, si atanichukia? Nikinyamaza, gari la shemeji yangu linaondoka kwa ujinga wangu.

Ni mimi, Msugua Chuma

Mshauri anajibu:

Pole, Msugua Chuma. Uchovu wako nimeusikia. Lakini nitakukaripia kidogo. Mtu akikwambia usiguse hiki, hajakutuma ukashike kile. Na kuja kuungama gazetini wakati mwenye jambo yuko chumba cha pili, huko ni kupiga hodi kwa jirani na mgonjwa yuko kwako.

Nimemuuliza fundi ninayemwamini. Anasema vile visahani vimesuguana miaka mingi vikazoeana, ukivichanganya ovyo vinagombana. Dawa ipo: vipimwe unene kimoja kimoja, vilivyolika au kukwanguliwa vibadilishwe, na vipya vilowekwe kwenye mafuta kabla ya kufungwa. Lakini ni lazima mzee ajue kwamba waya ulipita hapo, la sivyo ataifunga na kuifungua mpaka achoke kabisa.

Sasa isome tena barua yako, polepole. Unasema yalitoka "madoa ya wino". Dada yangu, mpima ardhi hatoi vyuma ndani ya gari bila kuviandika namba. Hayo hayakuwa madoa. Alisimama pale mezani akaona namba zake zimefutika, akaona sahani za chakula zimekaa vilevile na makombo yake, akaelewa yote, ndiyo maana akaenda kuosha vyombo. Na alipomwambia fundi kwamba hakuweka alama, alikuwa anakusitiri wewe. Amebeba kosa lako siku zote hizi, nawe ulikuwa unaogopa atakuchukia.

Basi ni leo, usingoje kesho. Mkimaliza kula usiondoe chombo mezani, na habari ya chai iache. Mwambie, "Zile sahani nilizisugua mimi kwa waya, na namba zako nilizifuta mimi." Akijibu kwamba anajua, usilie kwanza, mwambie ampigie mtu wa vyuma asije. Halafu tafuta kalamu ya wino ukae upande wake wa meza, yeye apime, wewe uandike namba.